Ardhi changa kuliko watu

Mhariri, makala yenu inasema wageni kutoka Ulaya wanafika Goma, huku mashariki mwa Kongo, na kuuliza: mji wa kale uko wapi? Mimi ni mtoto wa Birere, mtaa wa hapa Goma, acha niwajibu.

Huku kwetu ardhi yenyewe ni changa kuliko watu. Januari 2002 volkano yetu, Nyiragongo, ilimwaga moto katikati ya mji mpaka ziwani, ikala kanisa kuu letu na kipande cha uwanja wa ndege. Watu walirudi wakajenga juu ya mawe yaleyale ya moto uliopoa, mengine wakayafanya kuta. Baba wa miaka 40 anayesukuma chukudu yake, baiskeli ya mbao ya mizigo, ana umri mkubwa kuliko njia anayopita. Mwaka 2021 moto ukashuka tena, ukakomea upande wa Buhene.

Nilipofika Brussels, pale Grand-Place, niliogopa hata kugusa ukuta. Kumbe mizinga ya Ufaransa iliteketeza sehemu kubwa ya uwanja ule mwaka 1695, wakajenga upya! Na mji wa kale wa Warsaw, ambao watalii wanaupiga picha sana, ulijengwa upya baada ya Vita vya Pili vya Dunia. UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1980. Wenzetu waliirudisha sura ya zamani. Sisi tulipiga mabati haraka, maana watoto walikuwa wanalala nje.

Mgeni akitaka cha kale, aende mtaa wa Murara aulize wamama barabara ilipita wapi kabla ya 2002.

Halafu, mhariri, hiyo picha mliyoweka juu ya makala si Goma. Ni Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda.