Mume Kafa 2021, Msimsage Bado

Aliyebuni vifupisho vya kutunza kumbukumbu za serikali ya jimbo la Texas ama hajawahi kukaa Houston mwezi wa nane, ama alikuwa na lake jambo. Katika herufi zote zilizopo, kachagua A na C, kasema hizi maana yake "baada ya kufungwa". Jamani! Mji ambao watu wanaamka na AC, wanalala na AC, ikiharibika wanahamia kwa shemeji na watoto na mito yao. Leo boksi limeandikwa AC+3, wewe utadhani ni nini?

Ofisi yenyewe siitaji. Ni ya serikali ya jimbo, na mimi nipo mwisho kabisa wa korido, nimepewa cheo cha msaidizi wa kumbukumbu. Kwetu Tanga wangesema mtu wa masijala tu. Na masijala si pageni kwangu, marehemu baba alifanya kazi hiyo mpaka anastaafu. Ndiye aliyenifundisha kwamba "P.A." pembeni ya barua maana yake ikawekwe kabatini, na "B.U." maana yake iletwe tena tarehe fulani. Alikuwa akicheka mpaka anakohoa akisimulia ofisa mgeni aliyemtafuta Bwana P.A. ofisi nzima, akitaka kumjua huyo mkubwa anayepelekewa barua zote.

Basi mwaka 2023 nikaletewa msaidizi. Mzee wa Bukavu, mtu mzima, shati limepigwa pasi hadi kola inasimama yenyewe. Huko kwao alikuwa karani, na ukarani wake haukubaki Kongo, alipanda nao ndege. Sote tukamwita Papa, ndivyo Wakongo wanavyomheshimu mtu wa umri wake. Mimi akaniita Mama, ingawa namzidi nini sijui, labda mwili.

Siku lori la kusaga karatasi lilipokaribia, bosi akampa Papa karatasi moja ya ratiba ya utunzaji, ile inayosema kila kumbukumbu ikae muda gani kabla ya kusagwa, akamwambia ayapange maboksi ya stoo kufuatana na vifupisho. Mimi siku hiyo nilikuwa ruhusa, kuna harusi ya mtoto wa rafiki yangu. Ratiba ina pande mbili. Upande wa mbele kuna orodha ya kumbukumbu na vifupisho vyake, upande wa nyuma ndiko kulikoandikwa maana ya kila kifupisho. Bosi alipiga fotokopi upande mmoja.

Nisiwape picha mbaya ya Papa. Mtu huyu hakubahatisha hata boksi moja. Alikaa, akafikiri, akatumia elimu yake yote, na kila uamuzi alioufanya ulikuwa na hoja. Nilipoingia kesho yake stoo ilikuwa inang'aa, imefagiliwa, na nusu ya maboksi hayapo.

"Papa, shikamoo. Maboksi yako wapi?"

"Mama, kazi imeisha. Yote iko mahali yake."

Tukaanza ziara. Yote ya AC, kitu cha toroli na toroli, alikuwa ameyapeleka chumba cha seva, mahali penye ubaridi kuliko pote katika jengo lile. Yamepangwa mpaka darini. Kijana wa kompyuta alikuwa amesimama mlangoni na jaketi lake, hajui aingilie wapi. "Karatasi inataka baridi," Papa akanieleza. "Batu ba hapa bako na akili mingi." Na ile +3? Hiyo aliidhani ni nyuzijoto. Ndiyo maana kidhibiti cha baridi cha chumba kile kilikuwa kimebonyezwa chini mpaka kikagoma.

Boksi za FE nilizikuta ndani ya kabati la chuma. Mzee alisoma kemia shule ya mapadri, na Fe ni chuma, hilo hakuna wa kumbishia. Za AV zilikuwa chumba cha mikutano, chini ya projekta, kwa sababu AV duniani kote ni mambo ya picha na sauti. Za US zimezunguka nguzo ya bendera pale mapokezi kama wanafunzi mstarini. Za CE hakuzigusa. "Ce, kwa Kifaransa, ni hii. Basi hii ikabakia hapa." Za PM alikuwa bado hajazihamisha, alikuwa anangoja ifike mchana.

"Na za LA?"

Akanitazama kwa huruma, kama mwalimu anayeulizwa mbili na mbili. "Los Angeles, Mama. Iko kule California, si njo vile?"

Tulikimbia chumba cha barua. Bahati yetu, kijana wa barua alikuwa ameyakalia, anasubiri aletewe namba ya mtaa. Mle ndani zilikuwamo hati za magari yote ya ofisi, na moja ya magari hayo ilikuwa iuzwe kwa mnada wiki ile ile.

Bosi alipopata habari alicheka akajishika mbavu. Akaingia kwa wahasibu kuwasimulia, akarudi, akacheka upya. Papa akasimama kimya, mikono nyuma. Mimi nikachukua ratiba yangu, nikaigeuza, nikamwonyesha upande wa nyuma. Akavaa miwani. Akasoma mstari kwa mstari. Kisha akasema neno moja la Kifaransa ambalo sidhani kama alifundishwa na mapadri.

Tukavuta viti. Nikamwambia, Papa, sahau tarakimu kwanza, hiyo ni miaka ya kutunza tu, herufi ndizo zinazokwambia hesabu inaanza lini. FE ni mwisho wa mwaka wa fedha, na hapa Texas mwaka wa fedha wa jimbo unafungwa tarehe 31 Agosti, si 30 Juni kama kwetu Tanzania. Kwa hiyo stakabadhi mbili za FE+3 zinaweza kupishana siku chache tu na vifo vyao vikapishana mwaka mzima. Ya tarehe 30 Agosti 2018 ni ya mwaka unaofungwa kesho yake, inatoka 31 Agosti 2021. Ya tarehe 3 Septemba 2018 imeangukia mwaka mpya, hiyo unakaa nayo mpaka 31 Agosti 2022. Akazishika mbili mkononi, moja huku moja huku, akatikisa kichwa.

CE ni hivyo hivyo, ila mwaka ni wa kalenda, mwisho wake 31 Desemba. LA ni uhai wa mali: gari likiwapo na hati ipo, gari likiuzwa ndipo mambo yanaisha. US ni mpaka ije nyingine mpya ya kuchukua nafasi yake, kama kitabu cha taratibu kinapotoka toleo jipya. PM ni ya kudumu, haisagwi mpaka Kiyama. AV ni kukaa nayo maadamu bado ina faida kwa kazi za ofisi, na hicho ndicho kifupisho kipenzi cha kila mkuu wa idara asiyependa kutupa kitu. Nimekuta mle AV menyu ya hoteli.

Palipomkwama ni AC yenyewe. Baada ya kufungwa, sawa, kufungwa nini? Nikamwambia inategemea ni kumbukumbu ya kitu gani, na ratiba huwa inaeleza pembeni. Kesi, imeisha lini. Mkataba, umekwisha muda wake lini. Bado akakunja uso. Ndipo nikamletea eda.

"Kwetu Waislamu, mume akifa, mke anakaa eda miezi minne na siku kumi. Unahesabu kuanzia lini? Siku ya harusi?"

"Hapana! Siku mume alikufa."

"Basi mkataba wa AC+7 ndio huo huo. Usihesabu tangu ulipotiwa saini. Subiri mume afe, ndipo uhesabu miaka saba."

Papa akapiga goti lake kofi. Kuanzia hapo kila boksi alilolifungua nilimsikia akiliuliza: "Mume yako amekufa mwaka gani?"

Siku ya lori ikafika. Kwa wasiowahi kuyaona, haya malori yanakuja na mashine ya kusagia tumboni, na ubavuni yana kioo kama televisheni, mteja asimame nje aangalie karatasi zake zinavyotafunwa. Houston ilikuwa imepita nyuzijoto 38, na kwa sababu dunia ina utani wake, asubuhi hiyo hiyo AC ya jengo ilikuwa imekata roho. Ile ya kweli. Kompresa imekufa. Kampuni iliyoifunga inasema udhamini umekwisha, bosi anasema haujakwisha, na kijana wa kompyuta anayapepea maseva yake kwa kipande cha katoni. Udhamini uliandikwa katika mkataba wa zamani. Bosi anatokwa jasho, anapaza sauti korido nzima: "Nileteeni faili la AC!"

Kila mtu akamjibu swali lile lile: AC ipi? Stoo nzima ni AC.

Nikiwa nimeinama ndani ya boksi la kumi na ngapi sijui, nasikia Papa kule nje anaisoma kwa sauti orodha ya vinavyosagwa. Hairuhusiwi kusaga kitu cha serikali bila kukiandika kwanza, na orodha ile aliiandaa bosi mwenyewe jana yake, kwa sababu alisema kazi ya kuhesabu asiachiwe Papa. Papa anasoma, anasoma, ghafla kimya. Kisha ukelele.

Ilikuwa hivi. Mkataba wa AC ulisainiwa Oktoba 2015. Mwaka huo huo, kuanzia Septemba mosi, sheria ya Texas ilikuwa imeanza kudai mikataba ya ofisi za jimbo itunzwe miaka saba baada ya kumalizika. Bosi akachukua 2015, akajumlisha saba, akapata 2022, akautupia pipa la kusagwa. Lakini mkataba uliongezwa muda, ukaja kumalizika 2021. Wa kutunzwa mpaka 2028 ule!

Papa akatoka mbio koridoni, mtu wa umri ule, karatasi juu, na kwa kuwa anataka wote wamwelewe akatumia Kiingereza chake: "Mume alikufa 2021! Si 2015, ni 2021! Msimsage bado!" Na kwa kuwa mwenye habari za mume ni mimi, kila akitamka neno hilo ananinyooshea kidole.

Tukapitana na wahasibu. Tukapitana na watu wa mapokezi. Sikuwa na pumzi ya kumweleza mtu. Nje dereva alikuwa ameshalikaza pipa kwenye mkono wa lori, anangoja saini ya bosi tu ndipo anyanyue. Papa akajitanda mbele ya pipa, mikono miwili imetandazwa, "Yeye bado! Yeye mpaka 2028!" Dereva akarudi nyuma hatua mbili, akalitazama pipa upya. Maskini, kazi yake ni karatasi. Hakuna aliyewahi kumwambia kuna mtu.

Kufuli ikafunguliwa. Papa akazama kichwa chini, viatu vikabaki vinaelea, akaibuka na faili la rangi ya kaki. Juu limeandikwa kwa kalamu nene: AC, na chini yake: AC+7. Ukurasa wa kumi na kitu, udhamini wa kompresa, miaka kumi. Bosi akausoma palepale juani, akaukumbatia. Hakucheka.

Mchana wakili wa ofisi akatuma ujumbe. Kukiwa na mgogoro, madai, ukaguzi, au mtu ameomba kumbukumbu kisheria, hakisagwi chochote kinachohusika, hata kama muda wake umeshapita, mpaka jambo liishe. Tukapewa stika nyekundu zimeandikwa HOLD. Papa akabandika moja, akalichukua boksi akalipakata kifuani, akaenda kusimama mlangoni kwa bosi.

"Wamesema nishike," akamwambia, uso mkavu. "Nishike mpaka saa ngapi?"

Bosi akaanza kumfafanulia taratibu, kwa mikono, neno moja moja. Mimi nilimwona mzee masharubu yakimcheza. Nikatoka kabla sijamharibia.

Nilikosea hesabu moja tu, ya wahasibu. Kesho yake nimekuta mezani kadi imesainiwa na ghorofa nzima, maua meupe, pai ya pichi, na bakuli kubwa la viazi vilivyookwa na jibini, maana Wamarekani wa majimbo ya kusini wakisikia msiba wanakimbilia jikoni. Mama mmoja wa uhasibu akanikumbatia, machozi yanamlenga. "Tangu 2021," ananiambia, "na kila siku unakuja kazini unatabasamu!" Nikamwambia mume wangu mzima, asubuhi ameniazima chaja ya simu. Akanipigapiga mgongoni, akamgeukia mwenzake akamnong'oneza kwamba ndiyo kawaida, mfiwa huanza kwa kukataa.

Chakula hakitupwi. Jioni nikakipakia garini, pai na viazi na maua. Marehemu akafungua mlango, akaomba sahani, akala viazi vyote. Akauliza kama kesho wataleta tena.