Huyo Yupo Kazini

Jamani, siku nilipoletewa kompyuta mpya ofisini nilijua mateso yangu yamekwisha. Kioo kipana kama meza ya kupigia pasi, nukta 1920 kwa upana. Nikaifuta vumbi ambalo wala halikuwepo.

Kumbe imeletwa ije kuigiza.

Dogo wa IT akafungua programu moja, kidirisha cheusi, maandishi ya kijani. "Mzee, hapa kompyuta yako inajifanya ni terminali ya IBM 3270, yaani kioo na kibodi za kuongea na mtambo mkuu, ile kompyuta kubwa ya kampuni." Nikamuuliza hiyo ni ya lini. "Zilianza 1971." Mwaka 1971 mama yangu alikuwa bado anacheza mdako! Na humo ndani mna nini? Mistari 24, kila mstari herufi 80. Piga hesabu: herufi 1920, basi. Zile nukta nilizokuwa naringia zimegeuka herufi. Ni kama kununua basi la abiria 60 ukapakia gunia moja la mkaa.

Huo mtambo mkuu wenyewe sijawahi kuuona. Uko makao makuu, sisi huku tunapiga hodi kwa waya. Nao una maringo. Unaandika weee, wenyewe hausikii kitu. Maneno yanakaa hapo hapo kwako mpaka ubonyeze Enter, ndipo yanaondoka yote kwa mkupuo. Haya, nabonyeza Enter. Kile kijistari kinachopepesa kikashuka mstari wa chini. Nabonyeza tena, kikashuka tena.

"Mzee, Enter siyo hiyo. Enter ni Ctrl ya kulia."

"Na Ctrl ya kushoto?"

"Hiyo ni Reset."

Sasa hiki kilichoandikwa Enter, kikubwa kuliko wenzake wote, kimewekwa hapa kama pambo? Dogo anacheka tu. Ukitaka F13, ushike Shift na F1, uende hivyo hivyo mpaka F24, vidole vimetanuka kama mpiga kinanda wa kwaya.

Halafu kuna kale kamtu. Ukiandika mahali pasiporuhusiwa, chini kabisa ya kioo inatokea X na kamtu kadogo kenye mishale huku na huku. Maana yake: nenda kwingine. Mtu mzima na mvi zangu, nafukuzwa na kiumbe kisichozidi punje ya mtama! Na kibodi inagoma kabisa mpaka uombe radhi kwa Reset.

Lakini ya juzi ndiyo kiboko. Niko katikati ya kazi, umeme ukakatika. Uliporudi nikawasha, nikaandika jina langu na nywila. Mtambo ukajibu: jina hili linatumika. Linatumika na nani? Na mimi! Eti niko ndani tangu asubuhi, sijatoka. Mimi nimekaa hapa nimeshika kikombe cha chai, kumbe huko ndani kuna mimi mwingine anachapa kazi, sijui mshahara tutagawanaje.

Nikapiga simu makao makuu wanitoe.

"Unamtafuta nani?"

Nikataja jina langu, yote matatu. Nasikia anagonga vitufe, kimya, anagonga tena.

"Huyo yupo kazini," akasema. "Nimwachie ujumbe?"