Simu ya bure ya Marekani, muulizeni anayeilipia

Jana usiku mpwa wangu wa Umoja, Nairobi, kaniandikia: "Mjomba, nimeona huko mnapewa simu bure. Nitumie moja." Nilicheka, kisha nikakasirika, na usingizi ukaishia hapo.

Bure! Unafungwa na mkataba wa miezi 36, ukihama mapema salio lote ni lako, na mpaka deni liishe simu haitaki mtandao mwingine. Tia laini ya jirani uone.

Najua mtasema huyu ameota pembe, yuko Minneapolis analia simu na sisi tunalia unga. Subirini kwanza. Aliyeaibika ni mimi.

Desemba 2011 nilimtumia mama iPhone 4S. Niliichukua kwa dola 199 na mkataba wa miaka miwili; isiyofungwa kwa mtandao mmoja ilikuwa 649, nikajiona mjanja. Mama akaifungua mbele ya majirani. Laini yake ikakatwa kwa mkasi ili ienee, simu ikakataa katakata. Dada akaipeleka Luthuli, ile barabara ya maduka ya simu Nairobi. Fundi akapachika chipu nyembamba kama karatasi chini ya laini, akachukua chake, mtandao ukaja. Wiki mbili baadaye kijana mmoja pale nyumbani akaisasisha, mtandao ukaondoka na haukurudi. Mama akarudia kasimu kake ka tochi. Ile iPhone mpaka leo iko kabatini na vikombe vya wageni.

2013 mkataba ukaisha, na mimi nimeshaerevuka. Nikachukua iPhone 5s, 199 tena, nailoni ya boksi sikuigusa. Nikamwuzia jamaa mmoja kwa 480 kwenye maegesho ya supamaketi, theluji ikituangukia. Akakaa kwenye gari lake dakika kumi akikagua namba ya IMEI, kitambulisho cha simu, ya kwenye boksi, isije ikawa ya wizi. Nikawakumbuka watu wangu wa Nairobi na *#06# yao ya kusoma namba hiyo ule mwaka wa 2012 simu feki zilipozimwa. Nilibaki na 281, nikaongeza 68, nikanunua Nexus 5 kwa 349, simu isiyofungwa na mtu. Krismasi nikatua nayo JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, nikatia laini, ujumbe wa M-Pesa ukaingia kabla begi langu halijatokea.

Ndiyo, bili ya mkataba niliendelea kuilipa miaka miwili mingine, simu iko mfukoni mwa mtu nisiyemjua. Msinicheke.

Halafu mjue, mwaka huo yule fundi wa Luthuli angekuwa mvunja sheria huku. Kuanzia Januari 2013 simu mpya haikuruhusiwa kufunguliwa itumie mtandao mwingine bila idhini ya kampuni ya simu, mpaka Obama, yule yule tunayemwita wetu, alipotia saini sheria mpya Agosti 2014. Rais mzima! Ili mtu atie laini anayoitaka kwenye simu yake! Nairobi abiria anabadilisha laini ndani ya matatu kwa ncha ya hereni, eti bando la mtandao huu limepanda.

Sasa namsikia mmoja: "Kwani huku Kenya simu za mkopo za kulipa kila siku hazifungwi?" Zinafungwa, na ukikosa kulipa skrini inakugeuka. Hapo umenishika. Ila muuzaji wa kwetu anakwambia tangu mwanzo kwamba ni mkopo, na mama yako anajua ni mkopo, na mtaa mzima unajua. Haandiki BURE dirishani kwa herufi za kimo cha mtoto. Na wewe unayeniambia nirudi basi kama Nairobi ni tamu hivyo, nilipie nauli.

Asubuhi nikampigia mpwa wangu hesabu yote: miezi 36, bili, kufungwa, posta. Akanyamaza kidogo, kisha akanitumia picha ya simu ya laini mbili aliyoiona dukani Luthuli, bei imeandikwa kwa kalamu kwenye kikaratasi.

"Basi mjomba tuma pesa tu. Na uweke ya kutoa."