Jarife si takataka

Wiki iliyopita nilitolewa kitandani, chai sijanywa, niende Deep Sea, soko la samaki la hapa Tanga, nikatafsiri ugomvi. Yoti, boti ya tanga ya starehe, imeingia usiku, Wazungu wawili, mtu na mkewe, pua zinabanduka kwa jua. Mume ameshika kiroba. Akakimwaga mchangani: jarife la mjomba wangu, wavu wake wa kuvulia papa, limekatwakatwa kwa kisu, maboya yake yale ya ndara kuukuu yakitazama juu kama vifaranga.

"Muulize nani anaacha takataka zake njiani," akaniambia.

Sikutafsiri hivyo. Nilisema, "Anauliza nyavu ni za nani." Tungepigana pale pale mbele ya samaki wa watu.

Mjomba alichuchumaa akaanza kupima kwa mikono, pima moja, pima mbili, bila kumtazama mtu. Alipofika pima thelathini na kitu akaniambia, "Mwambie anioneshe njia iko wapi baharini." Hiyo niliitafsiri neno kwa neno.

Mimi siwachukii wenye yoti. Mji wenyewe unaitwa Tanga, tutamkatazaje mtu kuja na tanga lake? Kinachonichoma ni hii tabia ya kuingia bandari ya wavuvi kama vile bahari ilikuwa tupu ikiwasubiri wao. Ngalawa ni picha nzuri ikiwa mbali, ikiwa mbele yako ni usumbufu. Wewe unazunguka dunia kwa starehe yako, Mungu akuzidishie, lakini yule uliyempita gizani yuko kazini. Jarife limetandazwa, limefungwa kwenye chombo, mjomba hawezi kugeuka ghafla akupishe. Wewe unaweza, usukani unao.

Wala hii si sheria ya mjomba. Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, zile za mwaka 1972 ambazo mabaharia hawa hutembea nazo, zinasema kwenye kanuni ya 18 kwamba chombo cha tanga kimpishe anayevua. Cha injini vilevile. Na huyu bwana alikuwa anakwenda kwa injini, maana jarife lilinaswa na propela, halikunaswa na tanga. Nikamtajia kanuni hiyo kwa Kiingereza changu cha shule ya kata. Akanyamaza, akaanza kukung'uta mchanga kwenye viatu.

Haya, na upande wetu niseme, ingawa sipendi. Mjomba hakuwa na taa. Kanuni hizo hizo zinamtaka anayevua kwa nyavu kama hizi awashe nyekundu juu ya nyeupe, na mimi ngalawa yenye taa hizo sijaiona tangu nizaliwe. Tochi anayo. Ilikuwa chini ya mguu, betri zimekwisha tangu siku za giza, zisizo na mbalamwezi, za mwezi uliopita. Wenzake wa dagaa wanawaka baharini kama mtaa wa harusi, yeye anaona taa zitamfukuzia papa. Tumebishana naye hilo hadi shangazi akatufukuza barazani.

Wenye yoti wanaolalamika kwamba wanazungushwa na maofisa kugongewa mihuri, poleni, hata sisi wenyeji tunazungushwa. Na wanaolalamikia kelele za boti alfajiri: umetia nanga mbele ya soko la samaki, ulitegemea kuamshwa na nini?

Mwishowe mke ndiye aliyeokoa siku. Alikaa mchangani pale pale, akashika upande mmoja wa jarife ili mjomba aone palipochanika, wakapima tena wote wawili bila mkalimani. Mume akatoa noti. Mjomba akazihesabu, akasema zinatosha uzi, nyavu hapana, akazitia kwenye kikoi.

Yoti bado ipo upande wa Raskazone, inasubiri kaskazi ianze iwasukume kusini. Wana subira, wana friji. Mjomba anashona chini ya mkungu tangu Jumatatu. Giza linaanza Jumamosi, na jarife lina tundu la kupitisha papa mzima.