Pishi moja haipimi mchele na kitambaa

Wiki iliyopita nilikaa na mwenzangu kwenye duka la stesheneri pale Mwenge, tukisubiri fomu zake za kupanda cheo zitoke kwenye printa. Yeye ni mtafiti wa Kiswahili, mimi ni mtafiti wa malaria. Ukurasa wa tatu ulikuwa na kisanduku kimoja: fahirisi h, namba inayompima mtafiti kwa jinsi makala zake zinavyonukuliwa. Akaandika 4. Mwaka jana, kwenye kisanduku hichohicho, mimi niliandika 17. Alikitazama kwa muda, akazikunja karatasi, akasema, "Twende tukale, mdogo wangu."

Chakula hakikunishuka.

Fahirisi h ililetwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Hesabu yake ni nyepesi: ukiwa na makala 4 ambazo kila moja imenukuliwa na watafiti wengine mara 4 au zaidi, h yako ni 4. Hirsch mwenyewe alionyesha kuwa fani hazilingani. Alimtaja Edward Witten, mwanafizikia aliyepata Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, akiwa na 110, na Solomon Snyder, mtafiti wa ubongo, akiwa na 191. Wote wako kileleni mwa fani zao. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema mmoja anakaribia kuwa mara mbili ya mwenzake.

Hiyo 17 yangu najua ilikotoka. Makala moja ya majaribio ya dawa inaweza kubeba majina thelathini, na kila jina linajiwekea manukuu yote kana kwamba liliandika peke yake. Isitoshe, sisi wa tiba huorodhesha marejeo mengi, tena mapya mapya, kwa hiyo tunanukuliana upesi. Mwanahisabati hungoja miaka. Mtu wa lugha huandika peke yake, mara nyingi kitabu, na hifadhidata kubwa za kuhesabia manukuu, kama Scopus na Web of Science, zimeegemea mno majarida ya Kiingereza.

Niliwahi kumsindikiza huyu kaka yangu Kunduchi alfajiri, mashua zikirudi. Alikuwa na daftari lenye mistari, kurasa zimevimba kwa unyevu wa bahari. Changu, kolekole, nguru, tasi. Mvuvi mmoja mzee alimsahihisha tamko la jina moja mara tatu, naye kila mara alifuta, akaandika upya, akauliza kama Mafia nako wanalitamka hivyo. Kazi hiyo ilimla miaka miwili, ikatoka kwa Kiswahili. Kwenye kile kisanduku haimo kabisa.

Sisi Watanzania tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aligundua akitengeneza aiskrimu kwamba maziwa ya moto yaliganda kabla ya yaliyopoa. Alichekwa. Baadaye akamuuliza Denis Osborne, profesa wa fizikia wa chuo kikuu hapa Dar es Salaam, naye Osborne akakubali lijaribiwe. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na hadi leo wanafizikia wanabishana juu ya "athari ya Mpemba". Kwa makala hiyo moja, h ya Mpemba haivuki 1, hata inukuliwe mara elfu.

Ipo njia yenye haki zaidi: manukuu ya makala yagawanywe kwa wastani wa makala za fani ileile na mwaka uleule, ili 1 iwe wastani, uwe wa tiba au wa hisabati. Naiunga mkono. Lakini wastani huo nao unatoka kwenye hifadhidata zilezile, na kazi isiyoingizwa humo haina cha kugawanywa. Ndiyo maana naipenda Ilani ya Leiden ya mwaka 2015, mwongozo wa kupima utafiti, inayotaka tofauti za fani zizingatiwe na utafiti wenye manufaa kwa wenyeji ulindwe. Azimio la San Francisco la mwaka 2013 kuhusu tathmini ya utafiti nalo linataka kazi yenyewe ipimwe kwa ubora wake, si kwa jina la jarida.

Ninaowaomba ni wale wanaotunga fomu: kile kisanduku kiondoeni, au kiwekeeni pembeni nafasi ya mtu kueleza kazi zake tatu, na msomaji wa fani yake azisome. Safari hii fomu ni ileile, kwa hiyo tumeambatisha karatasi ya ziada, kurasa mbili, pamoja na nakala ya kazi ya Kunduchi. Kikao ni mwezi ujao.