Kila Mtu Kanitafutia Pa Kuhamia

Tangu kipande cha ukuta wa jikoni kidondoke ndani ya sufuria ya pweza wa nazi, jamaa zangu wote wamegeuka madalali. Mke wangu anataka Kwarara, nje ya mji. Mama mkwe anatuita kwake Wete, Pemba. Kaka yangu anasema tubaki papa hapa Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, tuilinde nyumba ya marehemu bibi, na yeye mwenyewe anakaa Mbweni, nyumba ya matofali yenye mota ya maji na geti la rimoti. Siku ile ya pweza tulimpigia simu. Akauliza, "Ukuta umeumia sana?"

Nyumba zetu hizi za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Masika yakiingia, ukuta unakunywa maji wiki nzima halafu unaanza kuyatoa taratibu kitandani kwako. Beit al-Ajaib yenyewe, jumba la masultani wa zamani, na nguzo zake na mnara wake wa saa, upande mmoja uliporomoka Disemba 2020, seuze jiko letu. Ukitaka kuziba ufa kwa saruji unaambiwa hapana, saruji inaufungia unyevu ndani ya ukuta, lazima chokaa, na lazima kibali. Tangu mwaka 2000 sisi ni Urithi wa Dunia. Maana yake dunia nzima ni warithi wenzangu, lakini ikivuja, ndoo naweka mie.

Na majirani wameisha. Kulia hoteli, kushoto hoteli. Zamani ukikosa chumvi unagonga mlango wa jirani, siku hizi unapita mapokezi, unaulizwa kama una nafasi uliyoiweka. Asubuhi nikitoka na kikoi kwenda kutupa taka, watalii wanaupiga picha mlango wetu na mie nimo. Naamini huko Ulaya nimetundikwa sebuleni kwa watu, na mfuko wa maganda ya ndizi mkononi.

"Ndio nakwambia twende Kwarara," anasema mke wangu. "Kuna upepo, kuna nafasi, watoto watacheza."

Tukaenda kuangalia kiwanja. Dalali alisema kutoka barabara kuu ni dakika tano. Jamani, dakika za dalali zipimwe na serikali. Mie fundi saa, nimetengeneza saa za kila namna, lakini saa yenye dakika ndefu vile sijawahi kuifungua. Huko kote nyuma kulikuwa mihogo na minazi, eka tatu tatu walizogaiwa watu baada ya Mapinduzi. Sasa zimekatwa vipande kama halua ya sherehe, kila mtu kabeba chake na kuanza msingi bila ya kumuuliza mwenziwe njia itapita wapi. Njia tuliyoingilia asubuhi, tulipotoka alasiri palikuwa na mafundi wanapanga matofali. Nikamuuliza dalali mvua ikinyesha inakuwaje. Akatazama juu, mbingu nyeupe, akasema, "Leo hainyeshi."

Lakini kiwanja si tabu. Tabu ni gari. Mie hapa natoka nyumbani kwa miguu mpaka kwenye kimeza changu Darajani, kahawa njiani, salamu njiani. Mtu wa Kwarara anasali alfajiri na kiatu mguuni. Siku ile tulirudi na gari ya Fuoni, utingo kaning'inia mlangoni anapiga kelele, "Sogeeni nyuma, nyuma kutupu!" Nyuma palikuwa na watu, matenga ya kuku, mtoto wa skuli aliyekaa juu ya paja langu bila ya kujuana, na bibi mmoja anayemwambia utingo kwa upole, "Mwanangu, njoo wewe ukae huku kutupu." Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake 893,169. Wengi wao nilikuwa nao ndani ya gari ile.

Mke wangu anasema kule kuna utulivu. Utulivu upo, sikatai. Wenyewe ndio hawapo kuufaidi, wanatoka kiza wanarudi baada ya Isha, na wakitaka samaki wa maana wanamfuata huku huku mjini.

Kuhusu Wete, mama mkwe haachi kunikumbusha ule mwezi wa Disemba 2009, umeme ulipokatika Unguja nzima tukakaa kiza kama miezi mitatu. Pampu hazina umeme, mabomba yakakauka, mjini sote tukawa tunazunguka na madumu. "Mlikuwa hamna taa wala maji," ananiambia, "na mkijiita watu wa mjini." Jawabu sina. Kwake kuna kisima, muembe, na wakati wa karafuu majamvi yametandikwa hadi kandoni mwa barabara, harufu inakupokea kabla ya mwenyeji.

Nampenda mama mkwe. Lakini kwanza uuvuke mkondo wa Nungwi, pahala ambapo hata vijana wenye simu kubwa wanaziweka mfukoni na kuanza kusoma dua. Pili, Wete hakuna siri. Nilikwenda dukani kununua dawa ya tumbo, kurudi nikakuta nimeshapikiwa uji. Ukitoka asubuhi kununua boflo, lazima umsalimu kila aliye barazani, umuulize watoto, umuulize mgonjwa, umuulize mbuzi wa mgonjwa, na boflo likifika nyumbani limekuwa la jana. Tatu, kazi.

"Utapata wateja, mwanangu," anasema.

"Wateja wa saa, mama? Huku nani amechelewa?"

Jambo moja linanikera. Kila anayenisifia pahala, yeye hakai hapo. Barazani Joz Kona kuna mzee wa Makunduchi, kila jioni ananiambia shamba ndiko kwenye uhai, hewa safi, kuku wa kienyeji. Kwao anakwenda siku ya Mwaka Kogwa tu, ile sherehe yao ya mwaka mpya, na jua likianza kuinama yumo garini, kashika kiti cha dirishani. Huyo mama mkwe naye, akija kwetu kutibiwa jino, haondoki mpaka ameuzunguka mji wote, na jino lilipona siku ya kwanza.

Basi mke wangu akashinda, nikasema haya, Kwarara. Tukaleta vijana wa kubeba mizigo waanze na kabati la bibi. Wakalipima kabati, wakazipima ngazi, wakalipima tena kabati. Kumbe lilitengenezwa humo humo chumbani na seremala aliyekwisha kufa, na halitoki mpaka dirisha livunjwe, na dirisha halivunjwi mpaka kibali.

"Liuzwe," akasema mke wangu, na matusi mengine ambayo kabati halikustahiki.

Akaja dalali wa vitu vya kale. Akalizunguka, akalipiga vidole, akatazama dari, akatazama ndoo. "Hili silitoi," akasema. "Lakini kuna mzungu anatafuta nyumba ya kufanya hoteli, na chumba chenye kabati kama hili bei yake nyengine kabisa."

Nikamwambia nyumba ina warithi mpaka Maskati na London, na wote lazima watie saini. Mke wangu hakunisikia. Alikuwa keshapata kitambaa na mafuta ya nazi, anaupaka mlango wa kabati, anauliza kama mzungu mwenyewe anaweza kuja leo.