Hati ya Meno, Sasa Kibogoyo

Jamani, mawakili watatuua. Unapewa karatasi iliyonyooka kingo zote nne, halafu mstari wa kwanza unajitangaza: "Indencha hii..." Indencha ni hati ya mapatano kati ya watu wawili au zaidi, na jina lenyewe limetoka kwenye Kilatini dens, yaani jino. Haya, meno yako wapi? Geuza mbele, geuza nyuma, kibogoyo mtupu!

Zamani huko Uingereza angalau uliyaona. Karani alitandaza ngozi moja ya kondoo, akaandika mapatano mara mbili, nakala ya juu na ya chini, akaacha nafasi kati yake. Kwenye nafasi hiyo aliandika neno kwa herufi kubwa, mara nyingi CHIROGRAPHUM, Kigiriki kilichovishwa Kilatini, maana yake maandishi ya mkono. Kisha akapitisha kisu katikati ya herufi zile, kwa mkato wa meno-meno au wa kupinda-pinda. Kila mmoja akaondoka na nusu yake, ikiwa na muhuri wa nta wa mwenzake. Mkigombana, leteni vipande. Meno yakikaa na herufi zikiungana, ubishi umekwisha. Yasipokaa, kati yenu kuna tapeli.

Na kondoo hakuchaguliwa kwa urembo. Ngozi yake ina tabaka zinazobanduka, kwa hiyo ukikwangua "kumi" uandike "mia", doa linabaki pale likikusuta. Richard FitzNeal, mweka hazina wa mfalme katika karne ya 12, aliliona hilo mapema.

Sasa panya akila nusu yako? Imebaki ya mpinzani tu, pole sana! Ndiyo maana mwaka 1195, enzi za Hubert Walter, askofu mkuu aliyeongoza mahakama na serikali ya mfalme, mapatano ya ardhi katika mahakama ya mfalme yakaanza kuandikwa mara tatu: nakala mbili juu za wahusika, ya tatu chini kwenye mguu wa ngozi, hiyo ikafungiwa hazina.

Hati ya mtu mmoja, kama ya kubadili jina, haina mwenzi wa kulinganishwa naye, ukingo wake ukanyolewa sawa. Hapo sina neno.

Uvivu ulipoingia, kila nakala ikaandikwa kwenye ngozi yake, kisha ukingo wa juu ukakatwa mawimbi ya kuuza sura. Yanalingana na nini? Na hewa! Mwaka 1845 Bunge la huko Uingereza likasalimu amri: hati ikijiita indencha, ni indencha, hata kama haikuguswa na kisu. Mwaka 1925 likasema hata kujiita si lazima. Mwaka 1989 mtu wa kawaida akaondolewa sharti la muhuri, na masharti ya hati iandikwe kwenye kitu gani, ngozi au karatasi, yakafutwa. Ikabaki sahihi yako na ya shahidi. Huyo shahidi umtafute wewe, tena awepo palepale akuone ukitia sahihi. Ukimpelekea kesho aongezee jina lake, hati imeharibika, rudi mwanzo.